Mkia wa Jina la Odda

Bibi yake mume wangu alinicheka siku ya kwanza nilipofungua mdomo nyumbani kwake. Nilikuwa bibi harusi, nimesimama mlangoni na kapu la mikate ya shayiri, nikasema kwa adabu zote kwamba Hunna anamsaidia Odda kufunga mtumbwi, na kwamba wanakuja. Akaweka chini mundu wake wa kukatia matete, akanitazama toka kichwani hadi miguuni.

"Nani anamsaidia nani?"

"Hunna anamsaidia Odda, bibi."

"Basi jina la anayesaidiwa lina mkia. Umeupeleka wapi? Umeula njiani?"

"Mikate yenyewe sijaigusa, bibi, itakuwa mikia?"

Alicheka mpaka akakohoa. Tangu hapo tukawa watani, mimi na Wulfrun, na katika nyumba ile sikuwahi kupungukiwa na mtu wa kugombana naye.

Nieleze habari ya mikia, maana bila hiyo hakuna kisa. Wulfrun alizaliwa kusini, akaletwa kwetu kwenye vinamasi vya kaskazini akiwa mwali wa kuolewa. Huko kwao jina la mtu anayetendwa jambo hushikizwa mkia mwishoni. Odda akipiga, ni Odda. Odda akipigwa, ni Oddan. Hunna akiita, ni Hunna. Akiitwa, ni Hunnan. Ukishatia mkia mahali pake, jina liweke utakapo, mbele au nyuma, wala hakuna atakayepotea. Sisi wa huku mikia tulishaikata. Babu zangu walivuka bahari kutoka Denmark na yao, Waingereza walikuwa na yao, na walipokutana kuuziana ng'ombe kila mmoja akaona mikia ya mwenzake inamsumbua tu. Wakaiacha, wakaelewana kwa vilivyobaki. Kwetu mtendaji hukaa mbele, kitendo katikati, mtendwa nyuma. Aliyetangulia ndiye aliyefanya, basi.

Wulfrun alituonea huruma. "Nyie mnapanga watu kama kondoo wanaoingia zizini," alikuwa akisema. "Kwetu mtu hutanguliza kilicho moyoni mwake. Mkia utajua wenyewe nani kafanya nini."

Na kweli, sentensi zake zote zilianza na kile alichokipenda au alichokichukia. Akitaja mbweha aliyeiba bata bukini, alianza na bukini. Akisimulia mtu aliyempiga mbwa, alianza na mbwa. Sisi tulikuwa tumemzoea. Tuliishi naye, tulijua anampenda nani na anamchukia nani, kwa hiyo tulimwelewa bila hata kufikiri.

Odda, mume wangu, alikuwa mjukuu wake wa pekee; homa iliwachukua wazazi wake angali anatambaa. Hunna hakuwa damu yake. Mama yake alifariki siku ile ile aliyomzaa, na baba yake, Grimkel, alimleta mtoto kwa Wulfrun akiwa amemfunga kwenye ngozi ya kondoo, akasema, "Mama, mimi mikono yangu ni ya shoka, huyu nitamvunja." Wulfrun akamlea Hunna kwa maziwa ya mbuzi, sako kwa bako na Odda, mpaka wote wawili wakaweza kusimama kwenye mtumbwi na kuusukuma kwa upondo, ule mti mrefu unaofika chini ya maji. Walilala blanketi moja. Walipokua waligombania kila kitu, kama ndugu.

Kilichowaua ni madema ya mikunga. Yaani mtego wa samaki, tena wa matete, unaousuka mwenyewe asubuhi na kuutupa ukioza. Kila ninapofikiria jambo hilo natamani kumshika mtu nimtikise, lakini sijui nimshike nani. Mwishoni mwa kiangazi maji yalipungua, mikunga ikajazana kwenye mfereji mmoja, na Hunna akaona madema ya Odda yamefunga njia ya madema yake. Wakakutana pale kila mtu na mtumbwi wake. Wulfrun alikuwa ng'ambo, ufukweni, akikata matete. Hakuwapo mwingine.

Aliyoyaona ni haya. Hunna aliinua upondo akampiga Odda begani. Odda akayumba, akajishika, akarudisha kwa upondo wake. Hunna akaanguka, kichwa kikagonga kigingi cha mfereji, akafa papo hapo na uso ukiwa majini. Odda alimvuta nje, akambeba hadi kwa Grimkel mwenyewe, akamlaza mlangoni. Hakukimbia. Angekuwa mtu mwingine angekimbia, na ningekuwa nimekimbia naye.

Sheria yetu haina maneno mengi. Aliyepigwa kwanza akajitetea hutoa ng'ombe wa damu, huomba radhi, hubaki kwake. Aliyeanza yeye, akaua, hutolewa nje ya sheria. Huvikwa kichwa cha mbwa mwitu, kama tusemavyo, na yeyote atakayemwona ana ruhusa ya kumuua kama anavyoua mbwa mwitu. Odda alikuwa na alama begani, lakini mvuvi gani wa huku hana alama begani? Lote likabaki kwenye jambo moja: nani alianza.

Grimkel hakuleta fujo. Alikuja kwetu, amevua kofia, macho mekundu, akakaa kwenye kigoda karibu na moto.

"Mama," akamwambia Wulfrun, "wewe ulimlea wangu na ulimlea wako. Mimi sitaki watu wa kuniapia wala sitaki maneno ya walevi. Siku ya baraza weka mkono msalabani useme ulichokiona. Utakachosema nitakimeza, kiwe asali au shubiri."

"Utakimeza?"

"Nimeshasema."

Alipotoka, Odda alilia kwa mara ya kwanza. Nilidhani ni kwa ahueni. Sote tulijua bibi ameona nini. Alikuwa ametusimulia zaidi ya mara moja, kwa mikono, kwa mundu badala ya upondo, na kila mara tulimwelewa. Nilipika uji wa shayiri, nikatia asali tuliyokuwa tumeificha kwa ajili ya sikukuu. Nilikuwa na furaha, nisidanganye. Hunna alikuwa hajaoza kaburini na mimi nilikuwa na furaha, kwa sababu mume wangu alikuwa anabaki.

"Bibi," nilimwambia siku ya baraza tukiwa njiani, "hebu fanya mazoezi kidogo. Sema utakavyosema."

"Ukweli haufanyiwi mazoezi, Tola. Wanaofanya mazoezi ni waongo."

"Haya bibi, samahani."

"Na unyanyue hilo vazi lako, unafagia tope la kata nzima."

Baraza letu hukutana kwenye kilima kidogo karibu na kivuko. Wanaume huja na silaha, si kwa vita. Wakikubali neno hugonga mikuki kwenye ngao, na likishagongewa limepita. Msimamizi alikuwa Ulf, mtu mwenye sauti nzito na moyo si mbaya. Alisimamisha msalaba wa padri katikati. Upande mmoja alisimama Grimkel na mpwa wake Asgaut, kijana mwenye hasira aliyekuwa akimpenda Hunna kuliko anavyojipenda. Upande wa pili Odda, peke yake, mikono mitupu. Mimi nilimshika Wulfrun mkono hadi msalabani, nikasimama kando yake.

"Mnajua desturi," Ulf alisema. "Kiapo husemwa mara moja. Kikisemwa hakiongezwi, hakipunguzwi, hakirudiwi. Anayetaka kurudia aliapa nini mara ya kwanza?"

Wulfrun aliweka kiganja juu ya mti ule. Mkono wake ulikuwa umetulia kuliko wangu.

"Kwa Bwana aliyetundikwa juu ya mti, nasema niliyoyaona kwa macho haya, bila hila, bila kumpendelea wa damu yangu wala wa malezi yangu."

Akageuka, akamtazama Odda. Siku nyingine zote naweza kuzisahau, lakini jinsi alivyomtazama sitaisahau. Ilikuwa kama hakuna mtu mwingine kilimani. Na kwa kuwa Odda ndiye aliyekuwa moyoni mwake, Odda ndiye aliyetoka kwanza mdomoni mwake.

Nilisikia hivi: "Odda alimpiga Hunna kwanza."

Mimi niliyejua ukweli nilingoja mengine, kisha nikaelewa wengine wamesikia nini. Wakati huo Ulf alikuwa ameshainua mkono, na mikuki ikaanza kugonga ngao, mmoja, kisha mingi, kisha yote.

Wulfrun alitabasamu. Alidhani wanagonga kwa ajili yake. Alidhani amemwokoa.

"Haya," akaniambia, "twende nyumbani, miguu inaniuma. Mwambie Odda anishike mkono mwingine."

"Bibi."

"Nini? Mbona unanitazama hivyo?"

Watu wawili walikuwa wameshamkamata Odda mabegani. Yeye hakupigana. Alikuwa anamtazama bibi yake kwa mshangao, kama mtu aliyeitwa kwa jina la mtu mwingine.

"Wanamfanya nini?" Wulfrun aliuliza. "Tola, wale wanamfanya nini mtoto wangu?"

"Umesema yeye ndiye aliyeanza, bibi."

"Nani kasema?"

"Wewe."

Nilidhani ataanguka. Badala yake alinisukuma, akarudi msalabani, akaukamata kwa mikono yote miwili. "Oddan!" alipiga kelele. "Nimesema Oddan! Oddan! Hamna masikio? Aliyepigwa! Hunna ndiye—"

"Bibi." Ulf alimshika taratibu. "Neno likishasemwa msalabani limeshasemwa."

"Nililisema vizuri! Nyie mmelisikia vibaya!"

Ulf, kwa haki yake, hakupuuza. Aligeukia watu akauliza nani kasikia mkia mwishoni mwa jina la Odda, anyooshe mkono. Walikuwapo watu waliompenda Odda pale. Walikuwapo waliokula mezani kwetu. Hakuna aliyenyoosha. Walikuwa karibu mno na msalaba kuweza kusema uongo.

Mimi nilinyoosha. Niliinua mkono wangu juu kabisa.

"Mke hasikii," mtu alisema nyuma yangu, "mke anatamani." Wengine wakaguna, na Asgaut akacheka kicheko kibaya. Nilimtukana. Sitarudia nilichomwambia, lakini hakikuwa na mkia wala hakikuhitaji. Ni kweli sikuusikia mkia ule. Nilidanganya mbele ya msalaba, na ningedanganya tena.

Wulfrun alimwendea Grimkel. "Mwanangu, wewe unanijua. Hunna ndiye aliyeanza. Nakuapia."

Grimkel alikuwa anatazama viatu vyake. "Umeshaapa, mama."

"Hawakunielewa!"

"Nilikubali neno lako kabla sijalijua. Kama ungesema mwanangu ndiye aliyeanza, ningelimeza, na lingeniua. Sasa umesema, na umeona linakotupeleka, unataka nilitapike nimeze lingine." Hakuwa na ukali hata kidogo. "Si kwamba nakulaumu. Aliye hai ndiye wa kuokolewa. Ningekuwa wewe ningefanya hivyo hivyo."

Kwa hiyo hata wema wake ulitufungia mlango.

Odda alipewa mpaka machweo kuvuka mto. Nilimfungia mkate na nyama kavu, nikamvalisha joho lake na juu yake joho langu. Maneno yetu sisi wawili ni yetu. Mwishoni alipiga magoti mbele ya Wulfrun, aliyekuwa amekaa kwenye kigoda kilekile alichokalia Grimkel. Bibi akamshika usoni.

"Niambie wewe," bibi alisema. "Ulikuwa karibu. Mkia uliusikia?"

"Niliusikia, bibi. Wazi kabisa."

"Oddan?"

"Oddan. Ulitoka kama kengele."

"Basi hao ni viziwi."

"Viziwi watupu, bibi."

Akambusu mikono, akaondoka. Nilimtazama akisukuma mtumbwi mpaka matete yakamfunika. Alikuwa amesema uongo mzuri kuliko wangu, na tofauti na wangu, uliaminiwa.

Lakini Wulfrun hakuwa mjinga. Alikaa na uongo ule siku chache, kisha asubuhi moja tukinyonyoa bata bukini akaweka manyoya chini.

"Tola. Odda ananipenda, atanidanganya. Wewe una ulimi wa nyigu. Niambie. Niliutamka?"

Ningeweza kumwonea huruma. Nilifikiri kufanya hivyo. Lakini nilikuwa na hasira, si kwake tu, kwa kila kitu, na hasira ilinifungua mdomo.

"Hukuutamka, bibi."

"Sikuutamka siku ile?"

"Siku ile, na siku zote. Tangu niolewe humu ndani sijausikia ila ukiwa unatucheka. Ukitaka kutuonyesha unautoa, mzuri, kama kitu cha sandukuni. Ukianza kuzungumza tu, haupo. Unasema kama sisi. Kilichobaki kwako ni kule kutanguliza umpendaye."

Akasema, kwa uangalifu, kama anaonja mchuzi, "Oddan." Akanitazama. "Upo?"

"Upo."

"Oddan alimpiga Hunna kwanza. Upo?"

"Haupo, bibi."

Akasema tena. Haukuwapo. Akasema tena, polepole, mpaka jasho likamtoka kwenye midomo. Ulitokea, lakini sentensi yenyewe ikawa imekatika vipande, ya mtu asiyeijua lugha. Akarudi kusema kama kawaida yake, ukapotea. Niliona akijisikiliza. Sijawahi kumwona mtu akijisikiliza namna ile, na sitaki kumwona tena.

"Miaka yote nimewacheka nyie," akasema.

Nilimkumbatia. Tulilia pamoja juu ya yule bukini mpaka manyoya yakatugandia usoni.

Baada ya hapo alianza kujifunza upya. Hakuna aliyemwambia. Kila sentensi aliyoianza kwa njia yake ya zamani aliisimamisha katikati akaigeuza. Alikuwa akisema, "Bukini kamla mbweha," kisha anafumba macho: "Hapana. Mbweha kamla bukini."

"Tumeelewa, bibi. Bukini gani wa kumla mbweha?"

"Huwezi kujua. Huwezi kujua watu wataelewa nini." Na anarudia, mtendaji mbele, kitendo, mtendwa nyuma, kama mtoto anayepanga viatu. Maneno yake yakawa mazito. Nyimbo za kwao aliziacha, kwa kuwa haziimbiki zikipangwa hivyo. Nilizikosa nyimbo zile kuliko nilivyodhani.

Nia yake naijua. Alitaka kumwendea Grimkel na kumpa neno ambalo halina njia mbili. Grimkel ndiye aliyedhulumiwa. Angeomba baraza, Odda angerudishwa. Tulikwenda mara ya kwanza barafu ilipoanza kushika mifereji. Grimkel alikuja hadi kwenye lango, hakufungua.

"Tola," alisema, ingawa Wulfrun alikuwa amesimama ubavuni mwangu, "mwambie mama kwamba nampenda, na kwamba simsikilizi."

"Mwambie mwenyewe, yuko hapa!"

"Nikimwambia atanijibu. Akinijibu nitamwamini, maana alimlea mwanangu. Na nikimwamini kwa sababu hiyo, nitakuwa nimemzika Hunna mara mbili." Akarudi ndani. Tulikwenda tena, na tena, na mbwa wake wakatuzoea. Yeye hakufungua.

Habari za Odda zilikuja kwa wachonga mbao wa ng'ambo ya mto: ameonekana, ana ndevu, anakohoa, bado ana joho la mwanamke. Niliposikia habari ya joho nililala nikiwa nimeshiba ingawa sikuwa nimekula. Kisha habari zikakatika.

Majira ya kuchipua yalipoanza, Grimkel alikuja kwetu mwenyewe. Alikuja bila kuitwa, mchana, kofia mkononi kama mara ile. Nilimwona kutoka zizini nikajua. Nilikimbia, na bado sikufika kabla yake.

Wulfrun alikuwa anakoroga chungu. Grimkel hakukaa.

"Mama, sikutaka usikie kwa mtu mwingine," alisema. "Asgaut kamuua Odda. Msituni, ng'ambo ya mto. Alikuwa na ruhusa, lakini mimi sikumtuma."

Mtendaji mbele, mtendwa nyuma. Hakukuwa na nafasi hata ndogo ya kuelewa vingine.

Sikumbuki nilichofanya. Wanasema nilivunja chungu. Nakumbuka tu kwamba uji ulikuwa sakafuni, na kwamba Wulfrun hakuwa amesogea. Aliendelea kushika mwiko. Kisha akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, ile sauti mpya iliyopangwa:

"Hunna alimpiga Odda kwanza. Odda alimpiga Hunna baadaye."

Grimkel alimtazama. Nilimwona akitafuta anachotaka bibi kupata, asikione. Hakukuwa na aliye hai tena wa kuokolewa. Hakukuwa na baraza, msalaba, wala mtu nje ya mlango. Kulikuwa na kikongwe na mwiko.

"Hunna ndiye aliyeanza?"

"Hunna aliinua upondo. Hunna alimpiga Odda begani. Mimi niliona."

"Mama, mbona hukusema hivyo barazani?"

"Nilisema."

Akanigeukia mimi, na sijui alichotaka nimpe. Nilikuwa nimepiga magoti kwenye uji. Nilitaka aumie, na nilipoona ameshaumia sikutaka tena.

"Alisema," nikamwambia. "Alisema kama walivyosema kwao. Alimtanguliza Odda kwa sababu alimpenda."

Grimkel aliketi chini palepale, sakafuni, mtu mzima yule, akaweka kofia usoni. Wulfrun alikwenda akamwekea mkono kichwani, kama zamani Grimkel alipokuwa akija kumwangalia Hunna amelala.

Mtu wa kichwa cha mbwa mwitu hazikwi kwenye ardhi ya kanisa. Grimkel alikwenda kwa Ulf, akasema aliyoyasema; sikuwepo, lakini nasikia alimshika Asgaut shingoni mbele ya watu wote akamlazimisha asikilize. Mikuki ikagonga ngao. Odda akarudishwa ndani ya sheria akiwa juu ya machela. Mikono ya joho langu ilikuwa imefungwa fundo shingoni mwake. Tulimzika kando ya Hunna, kwa ombi la Grimkel, na kusema kweli hapakuwa na mahali pengine pa kumzika.

Watu walikuja wengi, wale wale waliogonga ngao. Padri alipomaliza, Ulf akamwomba Wulfrun aseme neno kama ana neno. Nilimwona akipanga. Nilikaa naye majira yote ya baridi, nilizijua dalili: macho yanafumba, midomo inasogea, mtendaji anatafutiwa nafasi yake mbele. Kisha akafumbua macho. Akaangalia chini kaburini, akaacha kupanga.

"Odda alimpenda Wulfrun," akasema.

Watu wakaitikia kwa vichwa. Mwanamke mmoja karibu nami akafuta machozi akanong'ona, ni kweli, kijana yule alimpenda sana bibi yake. Wulfrun alinitazama. Mimi nilijua alichosema ni kwamba yeye ndiye aliyempenda, na kwamba amemtanguliza mbele kwa njia ya kwao, na mkia haukuwapo. Aliningoja niwaambie.

Sikuwaambia. Walivyosikia wao ni kweli, na alivyosema yeye ni kweli. Nilimshika mkono, tukarudi nyumbani.